Friedrich Ebert, Fundi wa Matandiko Aliyeupokea Mzigo wa Taifa

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Kaisari Wilhelm wa Pili, ambaye wazee wetu waliiona sura yake katika fedha za rupia. Tena hakuna asiyelisikia jina la Hitler. Walakini kati ya wawili hao alikuwako mtu mwingine, ambaye hakuvaa taji wala mavazi ya vita, naye husahauliwa upesi. Jina lake ni Friedrich Ebert, Rais wa kwanza wa Ujerumani. Mwezi huu twapenda kueleza maisha yake, maana alipewa kazi iliyo ngumu kuliko kuongoza jeshi lenye kushinda, nayo ni kuisimamisha nchi iliyokwisha kushindwa.

Alizaliwa tarehe 4 Februari, 1871, katika mji wa Heidelberg, ulio kando ya mto Neckar. Milki mpya ya Wajerumani ilikuwa imetangazwa majuma machache tu kabla yake. Baba yake alikuwa mshona nguo, na Friedrich alikuwa mtoto wa saba katika watoto tisa. Fedha za kumpeleka katika shule kubwa hazikuwako. Basi katika mwaka wa 1885 akawekwa kwa fundi ajifunze kazi ya matandiko, yaani kushona viti vya kupandia farasi, na hatamu, na mikanda ya ngozi. Alipokwisha kujifunza alizunguka mji kwa mji akitafuta kazi, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi vijana wa nchi ile.

Katika safari hizo aliona kwamba fundi aliye peke yake hana nguvu mbele ya tajiri wake. Akajiunga na chama cha wafanya kazi, kisha na Chama cha Demokrasia ya Kijamii, ambacho siku zile kilikuwa kimepigwa marufuku kwa sheria ya Bismarck. Mara nyingi alikosa kazi kwa sababu hiyo. Katika mwaka wa 1891 akafika Bremen, mji wa bandari, akakaa huko. Akamwoa Louise Rump katika mwaka wa 1894, wakapata watoto watano, wana wanne na binti mmoja. Ili kuwalisha alifungua nyumba ya kuuzia vinywaji, na wafanya kazi walimjia hapo kuuliza habari za mishahara, na kodi za nyumba, na sheria za bima. Yeye hakuwa msemaji wa kuwasisimua watu. Sifa yake ilikuwa kusikiliza, na kuandika sawasawa, na kuitimiza ahadi aliyoitoa. Kwa sifa hizo akaingia katika baraza la mji wa Bremen katika mwaka wa 1900, akaitwa Berlin katika mwaka wa 1905 awe mmoja wa makatibu wa chama, akaingia katika Bunge katika mwaka wa 1912. Mwaka uliofuata, mzee August Bebel alipofariki, Ebert akawa mmoja wa viongozi wawili wa chama kilichokuwa kikubwa kuliko vyote Bungeni.

Hata ilipofika Agosti 1914, vita vikaanza. Ebert na wenzake walio wengi wakakubali fedha za vita zitolewe, kwa kuwa waliambiwa ya kwamba nchi yao inashambuliwa. Wana wake waliitwa jeshini kama wana wa watu wengine, na katika mwaka wa 1917 wawili wao, Heinrich na Georg, wakafa vitani. Twawaomba wasomaji wetu walikumbuke neno hili, maana baadaye watatokea watu watakaosema kwamba baba huyu aliiuza nchi yake.

Katika Januari 1918 wafanya kazi wa viwanda vya silaha mjini Berlin waligoma, kwa sababu ya njaa na kwa kuchoshwa na vita. Ebert hakuuanzisha mgomo ule. Aliingia katika halmashauri yake, na mwenyewe alieleza kwamba alifanya hivyo ili umalizike upesi bila madhara. Jambo hilo dogo lilikaa kimya miaka mingi, kisha likarudi kumtafuta.

Sasa ni lazima kueleza jinsi vita vilivyokwisha, maana hapa ndipo penye chanzo cha mashaka yote yaliyofuata. Tarehe 29 Septemba, 1918, majemadari wakuu wawili, Hindenburg na Ludendorff, walimwambia Kaisari kwamba jeshi haliwezi tena, na kwamba yafaa kuomba vita visimame bila kukawia. Waliosema hivyo ni majemadari wenyewe. Lakini ilipofika siku ya kwenda kwa adui na kutia sahihi, hakwenda jemadari hata mmoja wa wale waliokuwa wameviongoza vita. Akapelekwa raia, mtu wa Bunge, Matthias Erzberger. Huyo ndiye aliyeongoza ujumbe uliotia sahihi katika behewa la gari la moshi, katika msitu wa Compiègne, tarehe 11 Novemba. Huku kwetu habari ilichelewa kufika, na jeshi la von Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika nchi ya Zambia.

Siku mbili kabla ya sahihi ile, yaani tarehe 9 Novemba, njia za Berlin zilijaa wafanya kazi na askari wenye bendera nyekundu. Mabaharia wa manowari walikuwa wamekataa kupelekwa katika pigano la mwisho lisilo na tumaini, na uasi ukaenea toka Kiel hata miji yote mikubwa. Mchana wa siku ile Chansela, Prince Max wa Baden, akamkabidhi Ebert kazi yake, na fundi wa matandiko akaketi katika kiti alichokikalia Bismarck. Saa chache baadaye mwenzake, Philipp Scheidemann, akasimama dirishani pa Bunge akatangaza Jamhuri. Ebert alikasirika sana, kwa kuwa aliona neno kubwa namna ile si la mtu mmoja kulitangaza, bali ni la watu wote kulikata kwa kura. Kaisari akavuka mpaka, akakimbilia Uholanzi.

Tuyatazame basi aliyoyakuta Ebert nyumbani mwake mpya. Watu walikuwa na njaa, maana manowari za adui ziliendelea kuzizuia bandari hata Julai 1919. Mamilioni ya askari walikuwa wakirudi wenye silaha na hawana kazi. Hazina ilikuwa na madeni tu. Upande mmoja walikuwako waliotaka mapinduzi kama yale ya Urusi, na upande wa pili maofisa na mahakimu na makarani wa zamani, ambao walimtumikia Kaisari na mioyo yao bado ilikuwa kwake. Ebert hakuwa na jeshi lake wala mahakimu wake. Ilimpasa kujenga nyumba mpya kwa mafundi ambao walio wengi wao hawakuipenda.

Usiku wa tarehe 10 Novemba alizungumza kwa simu na Jemadari Groener, wakapatana: jeshi litaitii serikali mpya, na serikali haitaondoa mamlaka ya maofisa. Kwa mapatano hayo askari walirudishwa kwa utaratibu, lakini jeshi likabaki kama lilivyokuwa, dola ndani ya dola. Tena tarehe 10 Desemba Ebert aliwapokea askari waliorudi Berlin, akawasifu kwa maneno yenye maana hii, kwamba hakuna adui aliyewashinda. Alitaka kuwafariji watu waliochoka, na sisi twafahamu moyo wake, maana nani asiyependa kumpa pole aliyepigwa? Walakini neno lile halikuwa kweli, na lisilo kweli, hata likisemwa kwa huruma, laweza kuokotwa na mtu mwingine likafanywa silaha. Baada ya mwaka mmoja Hindenburg alisimama mbele ya halmashauri ya Bunge akadai ya kwamba jeshi halikushindwa na adui, bali lilichomwa kisu mgongoni na watu wa nyumbani. Yeye aliyeomba vita visimame sasa aliwatwika raia aibu yake, na watu wengi wakamsadiki.

Katika Januari 1919 ukatokea uasi wa wenye siasa kali mjini Berlin. Ebert na waziri wake Noske wakaita vikosi vya kujitolea, vilivyoongozwa na maofisa wa zamani. Uasi ukazimwa kwa damu nyingi, na tarehe 15 Januari viongozi wawili, Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, wakakamatwa na kuuawa na maofisa na askari bila hukumu. Hatuwezi kulipita jambo hili kimya kwa kuwa twamsifu Ebert kwa mengine. Waliowaua walikuwa upande wa serikali yake, nao hawakuadhibiwa kama ilivyostahili. Tangu siku ile wafanya kazi wa Ujerumani waligawanyika makundi mawili yenye kuchukiana, na chuki ile haikupona hata Jamhuri ilipokufa.

Hata hivyo siku nne baadaye, tarehe 19 Januari, watu wakapiga kura. Kwa mara ya kwanza wanawake nao walipiga kura, na 37 kati yao wakachaguliwa. Kwa kuwa Berlin haikuwa salama, Baraza la Taifa likakutana katika mji mdogo wa Weimar, na tarehe 11 Februari likamchagua Ebert awe Rais, kwa kura 277 katika 379. Tarehe 11 Agosti akatia sahihi katiba mpya. Katiba ile iliyagusa na makanisa pia. Hapo zamani wafalme wa Kiprotestanti walikuwa wakuu wa makanisa ya nchi zao. Sasa ikaandikwa kwamba hakuna kanisa la dola, na makanisa yakapewa uhuru wa kujitawala na kutunza mali yao. Ungedhani wachungaji wangalishukuru. Wengi wao waliwalilia wafalme waliowazoea, wakaitazama Jamhuri kama mgeni asiyeitwa.

Kabla ya katiba kutiwa sahihi ulikuja mkataba wa amani wa Versailles. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote, na hii nchi yetu ya Tanganyika mojawapo, pamoja na sehemu kama ya nane ya ardhi ya nyumbani. Jeshi lilipunguzwa liwe watu 100,000 tu, na nchi ikaamriwa kulipa hasara za vita, ambazo katika mwaka wa 1921 zilihesabiwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Ebert aliuchukia mkataba ule. Kabla ya kukata shauri aliuliza jeshini kama laweza kupigana tena. Hindenburg alitoka chumbani, akamwachia Groener kutoa jibu, na jibu lilikuwa haliwezi. Basi tarehe 28 Juni, 1919, raia wakatia sahihi mara ya pili, na mara ya pili wakaitwa mahaini.

Siku zilizofuata hazikuwa na raha. Gazeti moja la picha lilitoa sura ya Rais akiwa majini katika nguo za kuogea, mnamo siku zile zile za kiapo chake, na nchi nzima ikamcheka. Wakasema mshona ngozi hawezi kuwa badala ya Kaisari. Katika Machi 1920 vikosi vile vile alivyovitumia vikamgeukia. Viliingia Berlin pamoja na Jemadari Lüttwitz na mtu mmoja jina lake Kapp, ili kuipindua serikali. Jeshi lilikataa kuwapiga wenzao, na Ebert na mawaziri wake wakakimbia usiku. Waliomwokoa ni wafanya kazi. Waligoma nchi nzima, magari ya moshi yakasimama, makarani wakakataa kuandika, na baada ya siku chache Kapp akatoroka. Ndipo ilipoonekana kwamba watu wa kawaida wakikataa kwa umoja wana nguvu kuliko bunduki. Walakini karibu waasi wote wale hawakuadhibiwa na mahakimu.

Tarehe 26 Agosti, 1921, Erzberger aliuawa kwa risasi alipokuwa akitembea katika milima ya Msitu Mweusi. Tarehe 24 Juni, 1922, akauawa Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, aliyechukiwa kwa kuwa alikuwa Myahudi. Wauaji walikuwa vijana waliolelewa katika hadithi ile ya kisu cha mgongoni. Katika Januari 1923 askari wa Ufaransa na Ubelgiji wakaingia katika mkoa wa Ruhr kuchukua makaa kwa nguvu. Wafanya kazi wakagoma, serikali ikachapa noti za kuwalipa, na fedha ikaharibika kabisa. Kabla ya vita dola moja ya Marekani ilipatikana kwa marki 4 na kidogo. Katika Novemba 1923 ilihitaji marki 4,200,000,000,000. Mzee aliyeweka akiba maisha yake yote hakuweza kununua mkate kwa akiba ile. Mwezi huo huo Hitler alijaribu kuipindua serikali huko München akashindwa. Hakimu alimhukumu miaka mitano, naye akatoka kabla ya mwaka mmoja tangu hukumu yake kutimia.

Katika taabu hizo Ebert alitumia mara nyingi Ibara ya 48 ya katiba, iliyompa Rais uwezo wa kutoa amri za hatari bila kungoja Bunge. Aliitumia zaidi ya mara 130. Kusudi lake lilikuwa kuiokoa Jamhuri, na kweli ilivuka mwaka ule wa 1923: fedha mpya ikatolewa, bei zikatulia, na watu wakaanza kupumua. Lakini panga lililofuliwa kwa kumlinda mtoto lilibaki ukutani, nalo halikuchagua mkono wa kulishika.

Katika miaka yote ile magazeti ya maadui zake hayakuacha kumtukana. Walisema ni mlevi, na mwizi, na haini. Ebert alipeleka mashauri zaidi ya 100 barazani ili kulinda jina lake na heshima ya kazi yake. Shauri la mwisho lilikatwa Magdeburg katika Desemba 1924. Mwandishi wa gazeti alikuwa amemwita haini kwa ajili ya ule mgomo wa Januari 1918. Mahakimu walimtia hatiani mwandishi kwa matukano, lakini papo hapo wakaandika kwamba kwa maana ya sheria Ebert alifanya uhaini kweli. Wapinzani wakashangilia. Baba aliyewazika wana wawili wa vita vile akaambiwa na mahakimu wa Jamhuri yake mwenyewe ya kwamba aliisaliti nchi yake.

Jambo hilo lilimvunja. Alikuwa mgonjwa wa tumbo, naye akaahirisha matibabu kwa sababu ya mashauri hayo. Katika Februari 1925 kidole tumbo kilipasuka, waganga wakampasua, lakini walikuwa wamechelewa. Akafariki tarehe 28 Februari, mwenye umri wa miaka 54. Mwili wake ulirudishwa Heidelberg, mji wa kuzaliwa kwake. Mchungaji mmoja wa Kiinjili wa mji ule, Hermann Maas, alishiriki katika maziko yake, ingawa marehemu alizaliwa Mkatoliki na alikuwa amekwisha kuliacha kanisa. Wakristo wengi walimlaumu mchungaji huyo vikali. Ni huyo huyo Maas aliyewasaidia Wayahudi kuokoka katika siku za Hitler, ambapo wengi katika hao waliokuwa wakimlaumu walinyamaza.

Baada ya Ebert watu walimchagua Hindenburg, yule aliyetoka chumbani. Tarehe 30 Januari, 1933, yeye akampa Hitler kazi ya Chansela. Tarehe 28 Februari ya mwaka huo, ilipotimia miaka minane kamili tangu kufa kwa Ebert, ikatolewa amri kwa nguvu ya Ibara ile ya 48, na uhuru wa watu ukafutwa. Mwezi uliofuata Bunge liliombwa kumpa Hitler mamlaka yote. Wabunge 94 waliokuwako wa chama cha Ebert ndio peke yao waliopiga kura ya kukataa.

Wasomaji wapendwa, twaweza kusema Ebert alikosa. Aliwategemea mno maofisa wa zamani, na huruma yake ilisema neno lisilo kweli. Walakini Jamhuri yake haikufa kwa makosa yake tu. Iliuawa pia na uongo uliorudiwa kila siku, na watu wema ambao hawakuusema uongo ule wala hawakuukanusha. Sisi twawafundisha watoto wetu Amri ya Nane katika Katekisimo, nao huikariri vizuri. Pengine twadhani yahusu masengenyo ya kisimani na sokoni tu. Maisha ya fundi huyu yatuonyesha kwamba amri ile yaihusu nchi nzima. Katika kila shirika, na kila kijiji, na kila serikali, yupo mtu aliyepewa kusafisha uchafu ambao hakuufanya yeye, na wapo walioufanya ambao humnyoshea kidole. Tukimwona, na tusingoje siku ya maziko yake ndipo tusimame karibu naye.